Uso Usio na Chuma

Uvimbe haukupiga hodi. Usiku Fundi alilala na shavu lake, asubuhi akaamka limeota kitu kigumu cha ukubwa wa punje ya harage, pembeni mwa jicho la kushoto, palepale walipompasua mwaka jana. Akakibonyeza. Kikabonyea kidogo, kikarudi. Akajitazama kwenye kioo cha wateja, kile kirefu ambacho wanawake wa mtaa mzima hujigeuzageuza mbele yake wakiuliza kama nguo inawanenepesha, na kwa mara ya kwanza kioo hicho hakikuwa na kichekesho.

Hiyo ilikuwa juzi. Jana akapigwa picha ya eksirei. Daktari wake hakuwepo, akaambiwa arudi leo mchana. Picha akaichukua Welda, mchumba wake, mchomeaji vyuma.

"Acha nikae nayo mimi," alisema. "Wewe ukikaa nayo hutalala."

Akampa. Mtu ukimpenda unampa hata mifupa yako akubebee.

Leo basi alikuwa kwenye cherehani, kitambaa cha kichwa amekivuta mpaka kimefunika pembe ya jicho, anangoja mchana ufike. Nyuma yake, ukutani, lilining'inia gauni lake la harusi. Harusi ilikuwa wiki ijayo na gauni bado lilikuwa la bandi: ule mshono wa muda, mrefu mrefu, uliopigwa kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheupe ili uonekane siku ya kuufumua. Bandi hushika vipande mpaka mashine ipite. Mashine ikishapita, bandi inachomolewa, nguo inajishika yenyewe.

Akaingia mteja kuchukua sketi. Akaijaribu, akaisifu, akalipa, na mlangoni akageuka akatazama juu.

"Mawingu hayo, Fundi. Leo usitoke nje, mvua isije ikakuyeyusha."

Akacheka, akaenda zake. Dada mtu, ambaye ndiye mwenye duka na mwenye mdomo wa duka, akaacha kupiga pasi.

"Kasema nini yule?"

"Utani tu, Dada."

"Utani una baba na mama. Huu umezaliwa nyumba gani?"

Fundi akainamia kazi yake. Alikanyaga cherehani, lakini moyo ulikuwa umeshaanza kwenda mbio kuliko sindano. Mambo ya vibamba vya kuyeyuka vilivyoushikiza mfupa wa shavu lake aliyajua nani? Yeye, dada yake, Welda. Basi.

Mwaka jana mlango wa chuma wa duka la jirani, ule wa kushusha, ulikatika mnyororo ukamkuta chini yake. Ulivunja mfupa wa shavu na ukingo wa tundu la jicho. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana anachoma geti, ndiye Welda. Alitupa barakoa yake, akaunyanyua ule mlango kwa mgongo, akaushika uso wa Fundi kwa fulana yake mwenyewe na hakuuachia mpaka walipoupokea watu wa hospitali. Hakumjua jina. Alirudi kesho yake kuuliza kama yule dada wa mlango yu hai, akarudi kesho kutwa, na kurudi kwake hakukukoma tena.

Daktari aliwaeleza njia mbili. Wangeweza kuushikiza mfupa kwa vibamba vya chuma, au kwa vibamba vingine, vyeupe, ambavyo huloweshwa kwenye maji ya moto vikalainika, vikakunjwa kufuata umbo la mfupa, vikapoa vikawa vigumu. Hivyo vinakaa mpaka mfupa ujiunge, kisha mwili wenyewe unaviyeyusha polepole, mwaka na ushee, mpaka visibaki. Welda alisema chuma. "Mimi chuma nakijua," alisema. Lakini Fundi, bandeji imemfunika nusu uso, alimtazama daktari akasema, "Kumbe ni bandi." Akachagua bandi. Uso ulikuwa wake, naye alikuwa amejua siku zote kwamba kinachobaki ndani ya nguo si uzi wa muda.

Kivuli kikaziba mlango. Welda aliingia ameikumbatia bahasha kubwa ya picha, na nyuma yake mama yake, amevaa viatu vya kutokea. Fundi aliviona vile viatu. Mtu haji kwa fundi nguo mchana na viatu vya kutokea ila ana kauli ya kutoa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa, usisimame. Mgonjwa hasimami."

"Mimi si mgonjwa, Mama."

"Basi ondoa hicho kitambaa nione."

Fundi alimtazama Welda. Welda alitazama cherehani. Fundi akakiondoa kitambaa. Mama mtu akainama, akautazama uvimbe huku na huku kama anayechagua nyanya, asiuguse, akanyooka.

"Mwambie," alimwambia mwanawe.

Welda akaitoa picha, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Fuvu la Fundi likang'aa pale, jeupe, limekaza meno.

"Jana nimeitazama mpaka macho yakaniuma," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekesha. "Fundi, hakuna kitu."

"Hakuna kitu gani?"

"Kitu chochote. Hakuna kibamba, hakuna skrubu. Mimi nimechoma mabomba ya viwandani. Kila kiungo nilichochoma kilipigwa picha kama hii, na nilisimama kuisoma. Nyufa nazijua, mapovu nayajua. Kitu kikiwepo, picha inasema. Hii inasema walikufungua, wakakufunga."

Kwa muda Fundi alimwamini. Hilo ndilo lililomtisha zaidi baadaye, jinsi alivyomwamini upesi. Mkono wake ulipanda wenyewe kwenye lile harage. Kama hamna kitu ndani, hiki kinachoota ni nini? Na kama hakuna kinachoushika uso huu, unashikwa na nini?

"Si walisema vinayeyuka, shemeji?" Dada aliuliza.

"Walisema mwaka na ushee mpaka viishe kabisa. Hata mabaki, Dada? Hata alama?"

"Mimi sina ugomvi na binti," mama mtu alisema, akiupangusa ukingo wa kiti kabla ya kukaa. "Ila mwanangu anaoa wiki ijayo. Watu watakuja, watamtazama bibi harusi usoni. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huu wa kwetu hata hicho kipande hakimo."

"Mama, kwa heshima zote," Dada alisema, pasi mkononi, "mkakasi hauna masikio. Mdogo wangu anasikia."

"Na asikie. Kusikia si kuumwa. Harusi isubiri. Afunguliwe tena, atiwe chuma, tujue moja."

Ndivyo ilivyo. Uso wa mwanamke ukiwa mzima ni wake. Ukipata ufa, unakuwa wa kikao.

"Na wewe?" Fundi alimwuliza Welda.

"Mimi nataka upone."

"Sikukuuliza hilo."

Welda akaishusha picha. Fundi akainuka, akaichukua picha mkononi mwake, akairudisha ndani ya bahasha taratibu kama nguo ya mteja.

"Daktari anatungoja," alisema. "Anayetaka kujua moja, aje akaijue."

Wakaenda watatu. Kwenye benchi la kliniki mama mtu alikaa katikati, kisha akaona haya, akasogea. Welda akaushika mkono wa Fundi. Viganja vyake vilikuwa na vidoa vya cheche, vigumu, vya joto. Siku nyingine Fundi angevihesabu kwa kidole, kama mchezo wao. Leo aliuacha mkono wake ukae tu pale, kama wa kuazima.

"Umekasirika," Welda alinong'ona.

"Naogopa."

"Hata mimi."

"Wewe unaogopa nini? Uso si wako."

Welda akageukia ukuta, na kugeuka kwake kukamwingia Fundi pabaya. Alikuwa na hofu moja ya zamani, hajawahi kuitoa kwa mtu. Mtu wa chuma hupenda kilichovunjika. Anakikeshea, anakiunga, anakisugua mpaka king'ae. Kikishaungana, anamrudishia mwenyewe, anatafuta kingine. Je, alipendwa yeye, au ulipendwa ufa?

Wakaitwa. Daktari alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mikono, asiye mpole wa maneno. Kabla ya kutazama bahasha alimtazama mtu.

"Linauma?"

"Kidogo. Nikilibonyeza."

"Basi usilibonyeze, hiyo kazi nalipwa mimi. Fuata kidole changu. Juu. Chini. Unaona kimoja au viwili?"

"Kimoja."

"Homa?"

"Hapana."

Akaubonyeza mfupa wa shavu kwa vidole gumba viwili, kwa nguvu, na Welda akashtuka kitini kana kwamba aliyebonyezwa ni yeye. Mfupa haukusogea. Ndipo daktari akaipachika picha kwenye taa ya ukutani.

"Daktari," Welda alisema, "mimi picha za namna hii nazisoma kazini. Humo hamna kitu."

"Kweli. Hamna kitu unachoweza kukiona."

"Kwa hiyo hamkuweka."

"Kazini kwako unapiga picha nini, baba?"

"Chuma."

"Chuma kinauzuia mwanga wa mashine, ndiyo maana kinaonekana. Vibamba vyetu si chuma. Mwanga unapita ndani yake kama unavyopita kwenye nyama. Hata ningempiga picha siku ileile niliyovikaza kwa mkono wangu, usingeviona. Hukukosea kusoma. Ulikuwa unatafuta kisichoandikwa." Akaweka ncha ya kalamu kwenye picha. "Hivi vidoti hafifu ni matundu ya skrubu, yanajifunga. Na hapa ndipo palipokuwa na ufa mwaka jana. Ufa uko wapi?"

Welda alisogea. Alitazama kwa muda mrefu, pua karibu iguse kioo.

"Haupo," alisema.

"Haupo. Mfupa umejishika."

"Na hiki kilichoota?" mama mtu aliuliza. "Nacho hakipo?"

"Hicho kipo. Mwili unamalizia kuviyeyusha vibamba, na wakati mwingine unapomalizia, unavimba. Mara nyingi kinanywea chenyewe. Mara chache kinajaa maji, inabidi nikichane kidogo nikisafishe." Akamgeukia Fundi. "Siwezi kukuapia kitakuwa kipi. Njoo wiki ijayo nikitazame tena. Pakiwa pekundu, ukipata homa, ukianza kuona vitu viwili viwili, usingoje siku, njoo mbio."

"Wiki ijayo ana harusi," mama mtu alisema.

"Basi aje kabla ya keki." Daktari alizima taa, kisha kama aliyekumbuka jambo akamwuliza Fundi, "Lakini niambie, kwa nini umeamua kufunguliwa kwingine? Mwenzangu wa hospitali ya pili kanipigia asubuhi, anataka kumbukumbu zako. Anasema Jumatatu una nafasi kwake, kutiwa chuma."

Fundi aligeuka. Hakumtazama daktari. Alimtazama Welda, na safari hii hapakuwa na cherehani ya kumsaidia.

Kule nje, mwisho wa ukumbi, kulikuwa na dirisha lenye nondo. Fundi alisimama hapo, Welda akamfuata. Mama mtu alitaka kufuata, daktari akamwita arudi aulizwe jambo. Pengine hakuwa na jambo lolote la kumwuliza.

"Jumatatu," Fundi alisema.

"Nilitaka kukwambia leo."

"Ungeniambia nini? Vaa, twende, ukachanwe?"

"Niliogopa, Fundi."

"Sote tunaogopa. Mimi nikiogopa sikupeleki kuchanwa."

"Unajua naota nini?" Sauti yake ilishuka. "Naota ule mlango. Kila mara naunyanyua, nashika uso wako kwa fulana, na unanipitia vidoleni kama mchanga. Jana nikaitazama picha, nikaona hakuna kinachokushika. Ningefanya nini? Mimi kiungo kikiwa kibaya nakikata nakiunga upya. Sijui kazi nyingine."

Maneno hayo yangeweza kumlainisha. Yalimlainisha, kwa kweli. Lakini kumbukumbu yake haikuwa ya kusahau haraka, na ilimletea mbele ya macho yule mteja wa asubuhi na mawingu yake.

"Ulimwambia nani kwamba picha ni tupu?"

"Mama."

"Na nani?"

Welda akakwaruza kutu ya nondo kwa kucha.

"Uliisomea wapi hiyo picha, Welda?"

"Karakana. Dirisha la nyumbani ni dogo."

"Mbele ya wenzako."

"Walikuwepo."

"Ndiyo maana leo nimeambiwa nisitoke, mvua itaniyeyusha. Umetoka kwenu huo utani. Umenibebea mifupa yangu ukaenda kuiinua dirishani, kila mpita njia asome." Hakupandisha sauti. "Mimi nitaweza kukaa na uvimbe. Nimekaa na bandeji, nimekaa na macho ya watu. Siwezi kukaa na mtu anayeniunga bila kuniuliza."

"Nisamehe."

"Hapa hakuna mtu, ni mimi na nondo. Ulikosema si hapa."

Welda alielewa. Jina lake lote mjini lilikuwa limesimama juu ya neno moja: huyu akisoma picha ya kiungo, hakosei. Kwa ajili ya neno hilo alipewa kazi na watu waliomshinda umri.

"Unataka niende nikaseme nimekosea. Mbele yao."

"Mimi sitaki. Naangalia tu kama utakwenda."

Karakana ilikuwa na wanaume wanne, vyuma vimeegemea ukuta, harufu ya moshi wa kuchomelea. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine walipomwona Fundi mlangoni, hana kitambaa kichwani, uvimbe wake mchana kweupe. Mama mtu alisimama nyuma, viatu vya kutokea kwenye vumbi la chuma.

Welda alikwenda dirishani, akaiinua picha palepale alipoiinua jana.

"Jana niliwaambia hii ni tupu," alisema. "Nilikosea. Vibamba vya namna yake havionekani kwenye picha, na mimi sikujua, na sikuuliza. Mfupa umeunga. Ulipovunjika ni hapa, njooni mtazame kama mtauona ufa. Na nimefanya kosa la pili. Nilimwekea miadi ya kupasuliwa bila yeye kujua. Hiyo naifuta leo. Mwenye utani wa mvua, aniletee mimi."

Mzee wao alisogea, akatazama, akakuna kidevu.

"Kiungo safi," alisema. "Kuliko vyako."

Wakacheka, na Welda akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemeza msumari ukapita.

"Nilikulipia ufundi wa kuchoma chuma," mama yake alisema kutoka nyuma. "Kusoma watu nilidhani utajifunza nyumbani. Kosa langu." Akamtazama Fundi, akatazama pembeni. "Na mimi nina maneno yangu niliyoyasema. Hayo nitayameza nyumbani, taratibu, na maji. Msinikodolee macho."

Akatangulia kutoka.

Walirudi dukani wawili, bila kushikana. Mawingu yale ya asubuhi yalikuwa yameanza kudondosha tone mojamoja, na Fundi hakufunika uso. Dada aliwaona, akasoma alichokisoma, akakumbuka ghafla kwamba ana vifungo vya kununua.

Gauni lilikuwa palepale, na uzi wake mweusi.

"Harusi ipo?" Welda aliuliza. Alisimama mlangoni kama mteja aliyekuja kabla nguo haijawa tayari.

"Sijui. Sijui hata huu uso wiki ijayo utakuwaje. Huenda ukavimba mara mbili. Huenda nikaja na bandeji."

"Sikuuliza uso."

Fundi alikaa kwenye cherehani. Alilivuta gauni mapajani, akaweka mshono wa bega chini ya sindano, lakini mguu haukukanyaga.

Welda akaja, akachuchumaa mbele yake, macho usawa wa macho. Akainua mkono, ukafika karibu na shavu, ukasimama hewani. Tangu juzi watu wote waliutazama uvimbe ule. Waliuinamia, waliupima, waliuamulia. Mkono ule ulikuwa wa kwanza kungoja.

"Linauma?" aliuliza.

Kwa daktari alisema kidogo. Kwa dada yake alisema haliumi.

"Linauma," alisema. "Usiku, nikilalia upande huu. Linauma sana, na naogopa."

Akaushika ule mkono uliongoja, akauweka shavuni mwenyewe, pale anapotaka yeye. Kiganja kilikuwa kigumu na cha moto. Nje mvua ikaanza kweli. Wakakaa hivyo kidogo, kisha Fundi, bila kukiondoa kile kiganja, akakanyaga, na mashine ikapita juu ya bandi.